Binti wa konda wangu anaolewa, nimsimulie nini?

*Shangazi, shikamoo. Nilikuwa dereva wa daladala, Mbagala–Kariakoo. Konda wangu alikuwa na vituko, abiria wengine wakiliacha gari la mbele wasubiri letu kwa ajili ya mdomo wake. Alifariki Machi 2003 kwa UKIMWI. Nyumbani wakasema kifua. Binti yake, aliyekuwa na miaka mitatu, sasa anaolewa na ameniomba nisimame kwenye sendofu nimwelezee baba yake. Vichekesho nilivyovishika zaidi ni vya kitandani, akiumwa. Nifanyeje? – Suka Mstaafu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ya kurasa nne, hapo juu nimeifupisha, na nimecheka mara mbili peke yangu jikoni. Kwanza pale ulipomkuta wodini amebaki mifupa, ukakosa la kusema, naye ndiye akakuokoa: “Suka, miaka yote mnaniita konda, leo ndiyo nimekonda.” Halafu pale aliposema kwa wembamba ule akipanda gari atatoa nauli ya mwanafunzi. Yeye! Aliyekuwa akiona sare za shule kituoni anagonga bodi muondoke.

Unajilaumu kwamba mlikuwa mkiucheka ugonjwa kabla haujamfika. Nani hakucheka? AIDS mtaani ilikuwa “Acha Iniue Dogodogo Siachi”, na nimewasikia watu wazima wakiitamka msibani, nyuma ya turubai. Tulisema fulani kakanyaga miwaya. Tulikuwa tunaogopa, basi. Rafiki yako zamu yake ilipofika hakuacha utani, ila aliugeuzia kwake mwenyewe. Wengi wetu tusingeweza.

Na hili la kwamba ungechangisha zaidi angepona, litue. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Oktoba 2004, miezi kumi na tisa baada ya kumzika. Kabla ya hapo zilikuwa za mwenye fedha, kila mwezi, maisha yote. Mlichokuwa mnabaki nacho baada ya hesabu ya tajiri kisingefika.

Lakini kuna mtu hukumgusa hata kwa mstari mmoja katika kurasa zote nne: mama wa binti. “Nyumbani wakasema kifua”, ndiyo tu. Kwanza huenda hawakudanganya sana, maana kifua kikuu ndicho kilichowamaliza wengi wenye virusi. Pili, ukitaja ukumbini kilichomuua mume, shingo zote zitageuka kumtazama mke. Siri hiyo hata ungetaka kuitoa kwa upendo, ina mwenyewe, naye amekaa meza ya mbele.

Nenda kwake kabla ya sherehe, na kilo mbili za sukari kama mtu mstaarabu, umuulize: “Shemeji, mtoto anajua nini?” Akisema hajui na bado hayuko tayari, rudi nyumbani na mdomo wako. Ukimwona anataka kusema ila anatetemeka, mkumbushe kwamba siku hizi anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe. Hofu nyingine tunazibeba tangu 2003 na hatujawahi kuzifungua tuone kama bado zina kitu ndani. Akikubali, amwambie mwanawe mwenyewe. Wewe subiri nje. Siku hiyo ndiyo utampa binti ile ya “nimekonda”, mkiwa wawili.

Ukumbini mpe yule wa mlangoni: mkono mmoja kwenye bomba, noti zimekunjwa katikati ya vidole, abiria wamegoma kusogea, naye anawaambia, “Sogeeni nyuma jamani, na huko nyuma kunafika Kariakoo!” Usianze na “marehemu alikuwa mcheshi”. Ingia moja kwa moja na sauti yake. Umeniandikia kwamba ukimwiga hata mkeo hushtuka, na huyo mtoto sauti ya baba yake haikumbuki.