Wasomaji wanauliza: «Ulilinganisha na nini?»

Barua za mwezi huu zimekuwa mingi na karibu zote zinatoka kwa watu wa TFC na memware, zile kazi za kuandika za kumaliza chuo, nafikiri ni ju siku za depo, za kuzipeleka, zimekaribia na usingizi umepotea. Nimechagua nne, na chini ya kila moja jibu langu. Salamu ndefu nimezikata, msinikasirikie.

Mwalimu jambo. Niko etidia wa sosiolojia hapa Goma, mwaka wa mwisho. TFC yangu ni juu ya wamotari: shirika moja (ONG) liliwafundisha sheria za barabara, mimi naangalia kama aksida zimepunguka. Nilipita na kesionere, karatasi ya maswali, kwa wamotari 60 kwenye paringi za Birere, Signers na Ndosho, 54 wakasema tangu mafunzo wanaendesha vizuri, hio ni asilimia 90. Direkta wangu, mwalimu anayenisimamia, akarudisha kazi, ameandika na biki nyekundu maneno matatu tu: «Ulilinganisha na nini?» Alafu akaniambia tena 60 ni kidogo. Sasa mwenzangu tunayelala naye chumba kimoja anasoma jenisivili, mambo ya ujenzi, yeye alivunja betoni (zege) sita, SITA, na wakamupa 16 juu ya 20. Haki iko wapi?

Mdogo wangu, usimwonee mwenzako wivu, ila kaa vizuri ju swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri.

Umeshaingia kwenye labo siku wanavunja betoni? Ni silinda ya sentimita 16 kwa 32, ilitolewa kwenye muli, ile chuma ya kuipa umbo, ikalala ndani ya maji mpaka ikatimiza siku 28. Wanaisimamisha chini ya presi, mashine inaanza kusukuma polepole, mshale unapanda, tani 30, tani 40, hakuna mtu anaongea, mara unasikia «ta!», si kelele kubwa, ni kama jiwe la volkano likipasuka kwenye moto, na mshale unarudi chini. Pale uliposimama ndo jibu. Ukigawanya na upana wa uso wa ile silinda, sentimita za mraba 201, unapata nguvu yake: ikivunjikia kwenye tani 50 hivi, iko karibu megapaskali 25 (ndo kipimo cha nguvu ya betoni), betoni ya watu wazima.

Sasa ile betoni haijui kama inapimwa. Haimwogopi direkta, haitegemei kwamba ukiondoka utarudi na msaada, haina haja ya kukufurahisha. Ukivunja sita za mchanganyiko mmoja, namba zinakaribiana tu zenyewe. Kwa hio sita inaweza kutosha.

Nasema inaweza. Kuna mwaka nilikuwa najenga kanyumba kangu, mafundi wakajua kwamba mtu wa labo atapita asubuhi. Walimkorogea ya kwake: sima (simenti) ya kutosha, mchanga umechekechwa, maji ya kipimo. Alipoondoka na muli zake nikaona kijana mmoja anamimina bido nzima ya maji ndani ya ile ya kumwaga kwenye nguzo, ju betoni nzito inachosha mikono. Na maji ndo ugonjwa wenyewe, tangu Duff Abrams aliandika jambo hilo Chicago mwaka wa 1918 kila injinia anajua kwamba maji yakizidi mbele ya sima nguvu inashuka. Majibu ya labo yalitoka mazuri ajabu. Yalikuwa majibu ya betoni ambayo haiko kwenye nyumba yangu! Kwa hio muulize mwenzako: zile sita zilitoka kwenye karai gani, siku gani, nani alichota? Kama zote ni za karai moja ya asubuhi, basi ana betoni moja tu aliyoivunja mara sita, na ile 16 wangeiangalia tena.

Turudi kwako. Hesabu ya 60 si mbaya kiasi hicho: asilimia 90 kwa watu 60 inayumba kama 8 huku na 8 huku, kati ya 82 na 98. Ile hesabu ya watu 385 ambayo kila mtu anakopi kwenye TFC inashusha kuyumba mpaka 5 hata pale watu wamegawanyika nusu kwa nusu. Lakini hesabu zote hizo zinafanya kazi kama watu umewapata kwa kura, na wewe uliongea na wale uliowakuta. Sikulaumu sana, lista ya wamotari ungeitoa wapi, nchi yenyewe sensa yake ya mwisho ni ya 1984. Ila mama anayenunua maharagi soko la Kituku hashiki yale ya juu ya gunia, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Wewe ulishika ya juu: motari aliyevunjika mguu hayuko paringi. Aliyekufa hayuko paringi. Uliwauliza wale ambao aksida iliwaacha, ukawauliza kama aksida zimepunguka.

Alafu tena ulimuuliza mutu aliyefundishwa bure, akapewa jile na beji, kama mafunzo yalimsaidia. Unategemea aseme nini? Angekuwa mkosa adabu kusema hapana.

Ndo pale «ulilinganisha na nini» inaingia. Usitupe kazi yako. Tafuta wamotari wengine 60 ambao hawakufundishwa, wa paringi zilezile kama inawezekana, ju motari wa Birere na wa Ndosho hawaendeshi barabara moja. Usiwaulize kama wanaendesha vizuri. Simama ronpwe, pale barabara zinazunguka, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, hesabu: kaske (kofia ya motari) kichwani au kwenye mkono, abiria mmoja au watatu, wanaokata kushoto bila kuangalia. Mwenzako mmoja ahesabu pembeni yako bila kuona karatasi yako, alafu mlinganishe. Kama yeye aliona 40 na wewe 65, shida ni macho yenu kabla haijawa wamotari. Na kama kuna sante (kituo cha afya) inakubali ufungue rejista ya majeruhi, bila majina, chukua miezi kabla na miezi baada, lakini uchukue miezi ya mwaka ileile, usilinganishe kiangazi na mvua. Ukipata kwamba mafunzo hayakubadilisha kitu, andika vilevile. Hio nayo ni TFC.

Mwalimu, mimi si mwanafunzi. Mwezi wa sita 2019 mjomba wangu aliugua Ebola kule Butembo. Walituambia dawa atakayopewa inatoka kwa kura. Iliangukia ZMapp, akafariki. Baadaye tukasikia kwenye redio kwamba ile ilikuwa dawa dhaifu. Mama yangu mpaka leo anasema madaktari walicheza tombola na ndugu yake. Mimi naye sijui nimujibu nini. Dada wa Katindo.

Dada, pole sana wewe na mama. Barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Ile kazi ilikuwa na jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, ndo maana wazungu waliiita PALM. Ilianza mwezi wa 11 mwaka wa 2018, ikiongozwa na watu wa INRB, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Kinshasa, ya Profesa Muyembe pamoja na Wamarekani, kwenye vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Hakuna aliyepewa maji matupu, kila mgonjwa alipata mojawapo na juu yake seromu na matunzo yote mengine.

Swali la mama ni: kwanini daktari asichague mwenyewe? Nitakuambia kitu kigumu. Kama daktari angechagua mwaka ule, kuna uwezekano mkubwa angechagua ZMapp. Ndo ilikuwa na jina. Ilikuwa imeshajaribiwa Afrika ya magharibi, kati ya watu 36 waliopewa walikufa 8, kati ya 35 wasiopewa walikufa 13. Ukiiangalia unasema hii inasaidia, lakini watu ni wachache mno, bahati peke yake inaweza kuleta tofauti kama ile. Kwa hio waliiweka ZMapp kuwa kipimo, zile tatu zingine zikashindanishwa nayo.

Na kura ilikuwa ya nini? Fikiria bila kura. Mgonjwa aliyefika amechoka kabisa, daktari anamupa ile yenye jina. Mwenye nguvu kidogo anapewa mpya. Mtoto wa mukubwa fulani anapewa ile mukubwa anataka. Mwisho wa mwezi unahesabu wafu na hujui kama umehesabu dawa ao umehesabu hali waliyofika nayo. Ebola iko hivyo hasa, aliyekuja mapema na aliyekuja siku ya sita si wagonjwa sawa hata kidogo. Kura inawachanganya wote kwenye vikundi vinne, wazito kwa wepesi, bila mkono wa mtu. Waingereza walifanya vilevile na streptomycin ya kifua kikuu, majibu yakatoka 1948, na kule sababu moja ilikuwa ya kawaida tu: dawa haikutosha kwa wote, kura ikawa ndo njia isiyo na upendeleo.

Kitu kingine ambacho mimi nakipenda kwenye kazi ile: dawa hazikufichwa, kila nesi alijua nini inaingia kwenye mshipa, kwa hio wangeuliza «mgonjwa anaendeleaje» majibu yangefuata roho ya mwenye kujibu. Wakachagua kipimo kimoja ambacho hakina maoni: siku ya 28, yuko hai ao hapana. (Ndiyo, 28 kama betoni, mimi mwenyewe nilishangaa.)

Kulikuwa na kamati ya pembeni inayofungua hesabu kazi ikiendelea. Mwezi wa nane 2019, baada ya kuangalia wagonjwa 499, wakasema simama. Tangu hapo wagonjwa wote wakawa wanapewa mojawapo ya zile mbili zilizoshinda, mAb114 na REGN-EB3. Hesabu kamili iko hivi: waliopewa ZMapp walikuwa 169, wakafa 84. Remdesivir 175, wakafa 93. mAb114 174, wakafa 61. REGN-EB3 155, wakafa 52. Na ile mAb114 asili yake ni damu ya Mkongomani, mutu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Kwa hio mwezi wa sita, siku mjomba wako anaingia, hakuna daktari duniani aliyejua kwamba ZMapp iko nyuma. Walijua wiki chache baadaye, na walijua kwa sababu yake na ya wale wengine. Sikuambii hii imufariji mama, dada yake mutu hafarijiwi na asilimia. Ila tombola ni pale mwenye kuchezesha anajua zawadi iko wapi. Kama kuna kosa, ni la wale walioongoza kazi ile: inaonekana hakuna aliyekaa na mama kwenye kiti, kwa Kinande ao Kiswahili chake, akamueleza haya yote KABLA. Kusaini karatasi si kueleza.

Mwalimu, jambo yenu. Niko Lubumbashi. Nilipima mikojo ya watu wanaokaa karibu na shimo za madini, vitu 20 tofauti, nikalinganisha na kikundi cha mbali. Kimoja tu ndo kilitoka p = 0,04. Naweza kuandika kile kimoja niache vingine? Jiri haitajua.

Jiri haitajua, ni kweli. Lakini ile 0,05, mpaka ambao p ikishuka chini yake watu wanasema tofauti si bahati, maana yake ni kwamba hata kama hakuna tofauti yoyote, mara moja kwa ishirini bahati itakuonyesha kama iko. Wewe umerusha mara ishirini! Kwa vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau kimoja cha uongo ni kama asilimia 64. Ulichopata ndo hasa kile ambacho mutu anategemea kupata pasipo na kitu. Andika vyote 20 kwenye tablo moja, useme hiki kimoja kinastahili kupimwa tena kwa watu wapya, na uandike leo, kabla ya kupima, kwamba ni hiki tu utakachoangalia. Alafu uangalie ukubwa wa tofauti, usiangalie p peke yake. Kobalti ikiwa mara kumi kwa mtoto wa karibu na shimo, nani anakuuliza p?

Sisi tuko Bukavu, tunafanya anketi juu ya roho kuchoka kwa wamama wa soko. Kesionere ilikuwa ya Kifaransa, tukaitafsiri. Kwenye lile swali la ngazi tano, toka «nakubali kabisa» mpaka «nakataa kabisa», wamama wanacheka, alafu wanajibu ndiyo kwa kila kitu. Tufanye nini?

Ngazi tano zile ni za Rensis Likert, Mmarekani, 1932, na kule walizipima kwa wanafunzi wa chuo wenye kalamu mkononi. Mama wa soko la Kadutu ana mteja mbele yake na beseni la samaki linapigwa na jua.

Kwanza mpeni mutu mwingine, asiyeona Kifaransa chenu, airudishe ile tafsiri kwa Kifaransa, mtaona wenyewe «mara kwa mara» na «mara nyingi» zimekuwa kitu kimoja. Alafu wekeni maswali mawili yanayopingana, «usiku napata usingizi» na mbele kidogo «usiku sipati usingizi»: anayesema ndiyo kwa yote mawili amekujibu kwa heshima tu. Na ngazi zenyewe, acheni maneno. Wekeni vizibo vitano vya soda mbele yake, mwambieni asogeze vingapi. Jaribuni kwa wamama kumi kabla ya kupiga fotokopi, na kila mmoja baada ya kujibu mwambieni arudie swali kwa maneno yake. Mama akicheka, muulizeni anacheka nini, na muandike.