Maswali ya Madereva: Mizani, Breki na Usingizi

Swali: Uzito wa jumla wa lori langu haujawahi kuzidi, lakini mizani inanikamata kwamba ekseli (mihimili ya magurudumu) za kichwa, yaani gari la mbele linalovuta trela, zimepita kiwango. Wapakiaji wanasema hawahusiki. Nifanyeje?

Jibu: Wanahusika sana, ila faini inakuangukia wewe. Mizani haiangalii jumla tu. Kila kundi la ekseli lina kiwango chake. Mzigo ukirundikwa mbele ya trela, sehemu kubwa inakalia ekseli za nyuma za kichwa.

Huna haja ya kushusha kila kitu. Pima kutoka pini ya trela (inayoiunganisha na kichwa) hadi katikati ya ekseli za trela. Tuseme ni mita 8. Ukirudisha tani 2 nyuma kwa mita 4, tani 1 inatoka kwenye kichwa na kwenda kwenye ekseli za trela: 2 mara 4, gawa kwa 8. Fanya hesabu hiyo kabla turubai halijafungwa, maana baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza.

Kama mizani ya kwanza ulipita salama na ya mbele ikakushika, kagua kamba. Mzigo uliolegea hutambaa kuelekea mbele kila ukifunga breki ghafla. Halafu kuna mafuta: lita 400 za dizeli ni kilo 335 hivi, na matangi yamekaa kwenye kichwa. Ukiwa kwenye ukingo wa kiwango, jaza ukishapita mizani.

Swali: Nikishuka mlima mrefu breki za trela zinanuka na kutoa moshi. Fundi amezibadilisha mara mbili, hali ni ileile.

Jibu: Anza na mguu wako. Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza. Ukisubiri katikati, gia inaweza kugoma ukabaki bila gia na tani zote mgongoni. Breki ya injini, yaani injini yenyewe kuzuia kasi, ndiyo ifanye kazi kubwa. Kama kasi salama ya mteremko huo ni kilomita 40 kwa saa, ikifika hapo kanyaga kwa uhakika hadi ishuke karibu 30, kisha achia kabisa. Kukanyaga kidogokidogo muda wote hakuzipi dramu (ngoma za breki kwenye magurudumu) nafasi ya kupoa, na kutumia breki ya trela peke yake ni kuichoma kwa makusudi.

Ukifika chini, simama tambarare, weka kabari, na usivute breki ya kuegeshea dramu zikiwa za moto. Pitisha mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Trela nzima ikiwa moto na kichwa kimepoa, basi breki za kichwa hazishiki ipasavyo, na fundi anatibu asiyeumwa.

Swali: Kuanzia saa nane usiku macho yananielemea hata nikinywa kahawa.

Jibu: Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi. Egesha mahali salama, inywe, tega kengele ya dakika 20, ulale. Ukiamka, tembea kuzunguka lori na kugonga matairi dakika 10 kabla ya kuondoka. Dirisha wazi na redio ya juu havisaidii kwa muda wa maana. Kama hukumbuki kilomita chache zilizopita, kahawa haitoshi tena: egesha mpaka asubuhi na umpigie bosi simu.