Mume anataka twende wote kwenye resi, na gari ni lile lile la shule

*Shangazi, shikamoo. Nakaa Tabata, nina watoto wawili, wa miaka 8 na wa miezi 7. Mume wangu kanunua Subaru Forester ya tabo, otomatiki, ndiyo inayompeleka mtoto shule. Sasa kajiandikisha kwenye resi za mstari mnyoofu wikiendi, nje ya mji, njia ya Bagamoyo, na anataka twende wote. Mkubwa ameshaahidiwa kukaa pembeni ya baba yake gari likikimbia. Mama mkwe anasema huo ni uhuni mtupu. Nikikataa naonekana namnyima mwenzangu raha, nikikubali roho haitulii. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Nenda.

Uhuni ni zile resi za usiku barabarani, katikati ya bodaboda na malori. Magari mawili kusimama mstarini, kuruhusiwa kwa taa, kukimbia mita 402 au nusu yake, 201, kisha kurudi taratibu kupanga foleni upya, huo ni mchezo. Mweleze mama mkwe hivyo, halafu umwombe kwa heshima abaki na mjukuu mdogo. Mtoto wa miezi 7 hana la kufanya pale kwenye moshi wa tairi, jua na makelele. Bibi akishapewa kazi ya maana hasira nazo hupungua.

Kuhusu huyo mkubwa, mumeo ameteleza. Gari likiwa kwenye resi halibebi abiria, awe mtoto au mtu mzima. Marekani, ambako mchezo huu umekuwa na chama chake tangu 1951, kuna mashindano ya watoto kuanzia miaka 5, lakini kila mtoto anakaa peke yake kwenye kigari kidogo kilichotengenezwa kwa umri wake. Usimsute mbele ya kijana. Subiri mtoto alale, umwambie baba yake afute ile ahadi, na ampe mwanawe kazi nyingine: kuandika muda wa kila mbio kwenye daftari. Pakiwa na mitambo ya kupima, dereva hupewa kikaratasi chenye muda wa kushtuka baada ya taa, muda wa mita 18 za kwanza na muda wa mwisho. Mwanao atagundua jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisema: gari lenye muda mzuri zaidi linaweza kushindwa kwa sababu dereva alisinzia kwenye taa. Saa ya gari huanza tairi linapotoka mstarini, haianzi taa inapowaka.

Masikio yake msiyafanyie mzaha. Sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8, na kila inapopanda 3 muda huo hukatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 zimebaki dakika 15 tu. Magari yaliyotolewa sailensa hupita hapo bila shida. Pamba haisaidii kitu. Kanunueni Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, vile vifuniko vya masikio vinavyofanana na hedifoni, na umpime dukani: visipobana pande zote ni urembo tu.

Mkifika, kabla hata hujatandika mkeka, angalia uwanja. Watazamaji wametengwa kwa ukuta au vizuizi vya zege, au kwa utepe wa plastiki? Gari la wagonjwa lipo, na watu wenye mitungi ya kuzimia moto wamesimama karibu? Baada ya mstari wa mwisho kuna nafasi ndefu ya kufunga breki, angalau sawa na ile ya kukimbilia? Ukiona utepe na umati umesogelea lami, rudini nyumbani, na hapo usikubali kubembelezwa. Ukiridhika, kaeni upande wa nyuma ya mstari wa kuanzia. Gari likipoteza mwelekeo hupotelea mbele, likiwa na kasi, kwa hiyo wanaojipanga pembeni huko mbele ili wapige picha nzuri ndio walio hatarini.

Sasa gari lenyewe, maana hapa ndipo roho yako ina haki ya kutotulia. Ombeni fundi aliangalie siku tatu kabla, isiwe asubuhi ya safari. Aanze na mkanda wa taimingi, kama injini yenu ni ya mkanda na siyo ya cheni: hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na gari la kutoka Japani lisilo na kumbukumbu za matengenezo lihesabiwe kwamba halijabadilishwa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hakuna shule Jumatatu. Oili iwe karibu na alama ya juu ya kijiti. Injini za Subaru za tabo zina tabia ya kula oili. Ikiwa chini, gari likirushwa kwa nguvu pampu inaweza kunyonya hewa, na injini inaanza kugonga. Betri ifungwe isicheze, na rejeta isivuje hata tone, kwa sababu maji yakimwagika kwenye lami yanamtelezesha anayefuata.

Toeni kila kilichomo ndani: tairi la akiba, jeki, kiti cha mtoto, kapeti ya dereva. Chungulia mwenyewe chini ya viti. Chupa ya maji ya shule ikibingirika hadi chini ya pedeli ya breki, gari likiwa kwenye 130, hakuna ufundi wa dereva utakaosaidia.

Mumeo asiige wale wanaozungusha tairi kwenye dimbwi la maji nyuma ya mstari ili zipate moto. Gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne likilazimishwa hivyo linaumiza gia boksi, na tairi za kawaida hubeba maji hadi mstarini. Apite pembeni ya dimbwi. Kwenye mstari ashike breki, apandishe injini hadi mizunguko 2,000 hivi, kwa sekunde mbili au tatu tu. Akizidisha, oili ya gia boksi inachemka. Ikianza kunuka kuungua, mbio zimekwisha kwa siku hiyo, hata kama mpinzani ni shemeji. Asubuhi, hewa ikiwa bado ya ubaridi, injini hupata nguvu zaidi, kwa hiyo mbio mbili tatu za mapema zina faida kuliko kumi za mchana. Kofia ngumu, suruali ndefu, viatu vya kufunika, ndala hapana.

Someni pia mkataba wa bima. Bima kubwa nyingi zina kifungu kinachokataa kulipa hasara iliyotokea kwenye mashindano, na hilo mlijue mapema wote wawili, siyo wewe peke yako.

Kuna jambo watu husahau wakiwa na furaha ya ushindi. Wengi hupunguza upepo wa tairi, tuseme kutoka 32 hadi 28, ili zishike lami. Njia ya kurudi, gari limejaa watu na mizigo, tairi laini hupata moto na kupasuka. Kama hamna pampu, upepo usiguswe kabisa. Kabla ya kuondoka injini ipoe, oili ipimwe tena, nati za magurudumu zikazwe, vitu vyote virudi ndani.

Mkubaliane mapema pia nani ataendesha kurudi, maana aliyeshinda juani siku nzima huwa amechoka bila kujijua. Nauli ya basi na hela ya gari la kuvuta vikae kwenye pochi yako. Zikikaa mfukoni mwake zitalipia mbio nyingine.