Nimebadili eksozi na eya klina, sasa pikipiki inapiga risasi. Nitoboe jeti?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha bodaboda hapa Morogoro, pikipiki ya cc 150 ya kabureta. Nimefunga eksozi ya wazi, nikatoa boksi la eya klina na kuweka chujio la koni. Tangu hapo nikiachia mafuta mteremkoni eksozi inalipuka kama inapiga risasi, nikivuta ghafla inasita kwanza ndipo inaondoka, na injini inachemka kuliko zamani. Fundi wa kijiweni anataka kutoboa jeti kubwa ili mafuta yaongezeke. Nikubali?

JIBU: Nzuri, kaka. Usikubali.

Fundi wako amelisoma tatizo sawasawa: hewa imezidi, mafuta yamepungua. Lakini tundu la jeti, kile kipande kidogo kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukilichokonoa kwa waya au drili linapoteza uduara, huwezi tena kujua ni saizi gani, na hakuna kurudi nyuma. Jeti mpya yenye namba ni kitu cha bei ndogo.

Kubwa zaidi, jeti hiyo haihusiki na mengi unayolalamikia. Kabureta inagawana kazi kulingana na ulivyovuta mkono wa mafuta. Kuanzia slo (injini ikiunguruma bila kuvutwa) hadi kama robo, mafuta yanatawaliwa na jeti ya slo na skrubu yake. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano. Jeti kubwa inatawala kuanzia robo tatu hadi mwisho. Risasi za mteremkoni zinatokea mkono ukiwa umefungwa, na kusita kunatokea unapoanza tu kuvuta. Angetoboa, ungetumia petroli nyingi zaidi kwenye mwendo mkali na risasi zingebaki palepale.

Kabla ya jeti yoyote, tafuta hewa ya wizi. Washa injini ikiwa baridi, sogeza kiganja pale eksozi inapofungwa kwenye silinda hedi bila kugusa. Ukisikia pumzi, badili gasketi, maana hewa inayoingia hapo peke yake inatosha kuleta risasi. Kisha nyunyizia maji kidogo kwenye mpira unaounga kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka au klipu imelegea.

Sasa hilo koni. Angalia waya wa mafuta, ule unaovutwa na mkono, unapoingilia kwenye kabureta. Ukiingilia juu, waya wenyewe ndio unaonyanyua pistoni ya kabureta (si ile ya injini). Ukiingilia ubavuni, pistoni inanyanyuliwa na tofauti ya mgandamizo wa hewa, na kabureta ya namna hii inahitaji hewa tulivu. Boksi ndilo lililokuwa linaituliza. Ukiweka koni, upepo wa pembeni tu unaiyumbisha pistoni, na unaweza kubadili jeti wiki nzima bila kupata mwafaka. Tena unafanya kazi kwenye barabara za vumbi, na koni nyingi za bei rahisi zinapitisha vumbi laini linalokula ringi na silinda. Kwa pikipiki ya kubebea abiria, nguvu unayoipata hailipi hasara hiyo. Rudisha boksi na eya klina safi, eksozi ibaki. Hapo marekebisho yatakuwa madogo.

Anza juu kwa jeti kubwa, ushuke hadi slo. Kama jeti yako kubwa ni 110, nunua 112 na 115 za aina ileile ya kabureta, kwa sababu namba za Keihin na za Mikuni, kampuni mbili za kabureta, hazipimwi kwa njia moja. Weka plagi mpya, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, vuta mkono hadi mwisho kwa muda mfupi, kisha shika klachi na uzime injini papo hapo bila kuiacha ishuke slo. Fungua plagi. Kaure yake ikiwa nyeupe, mafuta ni machache. Ikiwa na masizi meusi, yamezidi. Unataka rangi ya chai ya maziwa. Usilipuuze jaribio hili hata kama mwendo mkali unauona uko sawa, kwa sababu uhaba wa mafuta ukiwa umevuta mwisho ndio unaotoboa pistoni ya injini.

Kisha sindano: shusha klipu yake mfuo mmoja ili sindano ipande. Kama ina mfuo mmoja tu, wosha nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu inafanya kazi hiyohiyo.

Mwisho, skrubu ya slo, injini ikiwa imepata moto. Mafundi wengi wanakosea hapa. Skrubu ikiwa upande wa injini, inatawala mafuta: ukiilegeza, mafuta yanaongezeka. Ikiwa upande wa eya klina, inatawala hewa: ukiilegeza, mafuta yanapungua. Izungushe robo robo hadi mlio upande na kutulia. Ukilazimika kupita mizunguko mitatu kuelekea upande wa kuongeza mafuta kwenye skrubu ya mafuta, jeti ya slo ni ndogo. Ongeza saizi moja.

Fanya yote haya hapo unapofanyia kazi kila siku. Ukihamia Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na pikipiki hiyohiyo itaanza kuzidisha mafuta, kwa hiyo tunza jeti za zamani.

Ukisharudisha boksi, niandikie namba zilizochongwa kwenye jeti zote mbili na rangi ya plagi uliyoiona.