Bebe anaruka kila makelele ikipita

SWALI: Dada, niko Birere, Goma. Bebe wangu wa wiki 5, moto (pikipiki) ikipita ao nikimuvua nguo anaruka, anakaza mwili, analia bila kunyamaza. Na mie makelele inanichokesha tangu utoto. Mama mukwe anasema namudekeza. Ni kweli?

JIBU: Hapana mama, haumudekeze hata kidogo. Kuna watoto wenye mwili wao unasikia sauti, mwanga na kuguswa kwa nguvu kupita wengine, Jean Ayres, mutaalamu mwanamuke wa Marekani, aliandika sana juu ya hiyo miaka ya 1970, na mama naye akiwa hivyo kila mumoja anachokesha mwenzake. Umushike na kiganja yote, ukaze kidogo, juu vidole vyenye vinapapasa juujuu ndivyo vinamusumbua zaidi; ukimuvua, umufunike kitenge kwa kifua, utoe mukono mumoja kwanza. Kichwa ikikujaa, umupatie bibi yake utoke inje kidogo, hiyo haiko uvivu. Kilio inapandaka mpaka wiki ya 6 ao 8, kisha inapunguka. Lakini akiwa na homa ya digrii 38 ao akikataa ziwa, enda kituo cha afya siku ileile.