Bapa la alumini kwenye geti la chuma: mbona mchana linabinuka?

Swali: Asalaam aleikum, fundi. Nipo Raskazone, Tanga. Geti langu la chuma limefungwa bapa la alumini juu, urefu mita 3, unene milimita 3, bolti moja kila ncha. Alfajiri limenyooka kama rula. Ikifika saa 7 mchana limetuna katikati, vidole viwili vinapita. Aliyefunga anadai nimeuziwa alumini feki. Nirudishe dukani?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usirudishe, alumini yako nzima. Tatizo ni hizo bolti.

Joto likipanda nyuzi 1, mita moja ya alumini hurefuka milimita 0.023 hivi, ya chuma 0.012. Tuseme alfajiri ni nyuzi 25, na juani vyuma vyote viwili vinafika 65. Alumini yako itaizidi fremu kwa milimita 1.3. Utasema hiyo ni nini? Bana rula ya plastiki kwa ncha mbili, zisogeze kidogo tu, uone tumbo linavyotoka. Kwa mita 3, hiyo 1.3 inatoa tumbo la karibu sentimita 4. Ndiyo vidole vyako viwili.

Shukuru linabinuka. Kipande kifupi na kinene, tuseme milimita 50 kwa 10, kikibanwa kabisa kwenye joto hilo hilo, kingesukuma bolti kwa nguvu kama uzito wa tani moja na nusu.

Wengine watakwambia weka stenlesi, "nayo si chuma?" Stenlesi ya kawaida hurefuka 0.017, tumbo litapungua, halitaisha. Na geti ukilipaka rangi nyeusi litapata joto kuliko alumini inayong'aa, tofauti ipungue, ila sikushauri utegemee rangi.

Fanya hivi: toboa bolti ya tatu katikati, ya tundu la duara, hiyo ndiyo ikazwe. Matundu ya ncha yapigwe tupa yawe marefu kwa kufuata urefu wa bapa, nafasi ya milimita 2 kila upande yatosha. Humo tumia nati zenye nailoni, zikaze, kisha zirudishe robo mzunguko ili bapa liteleze. Baina ya alumini na chuma weka washa za plastiki: kwa chumvi ya upepo wa bahari hapo Raskazone, metali hizo zikigusana, alumini italiwa kwanza.

Na hiyo bolti ya katikati ukaze alfajiri, bapa likiwa limenyooka.