Taa ya mafuta ikiwaka, uliza lita kabla ya kilomita

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mshale wa geji ukilala kwenye E na taa ya mafuta ikawaka, gari linaweza kwenda umbali gani kabla halijazima? Huu ni mwaka wangu wa 14 kubeba abiria hapa Mwanza, kati ya Nyegezi, mjini na Sengerema, na swali hili limewahi kunitoa jasho. Naomba nilijibu kwa urefu kidogo.

Kwa gari langu, Toyota IST ya injini ndogo, ni kama kilomita 50, kwenye lami tambarare, bila foleni. Lakini msomaji asiichukue namba hiyo akaipeleka kwenye gari lake. Mimi niliipata hivi. Tenki langu linaingia lita 45. Nilijaza mpaka pampu ya sheli ikakata yenyewe, nikarudisha mita ya safari kwenye sifuri, nikafanya kazi zangu kama kawaida mpaka taa ikawaka na kubaki imewaka, maana mwanzoni huwaka ukipanda mlima na kuzima ukishuka. Nikarudi sheli ileile, pampu ileile, nikajaza tena mpaka ikakata. Zikaingia lita 38. Kwa hiyo taa ilipowaka zilikuwa zimebaki lita 7. Mita ilisoma kilomita 430, yaani kila lita ilinipeleka kilomita 11 na kidogo. Katika zile 7 natoa 2, kwa sababu pampu haiwezi kulamba tenki mpaka tone la mwisho. Zinabaki 5. Tano mara kumi na moja ni 55, nami hapo napunguza tena.

Magari mengi madogo taa yake huwaka zikiwa zimebaki lita 5 hadi 8. Lakini hiyo ni hesabu ya kiwandani, gari likiwa jipya. Ndani ya tenki kuna boya lililoshikwa na mkono mwembamba wa waya. Mafuta yakishuka boya nalo linashuka, mkono unateleza juu ya kipande kinachobadilisha umeme unaokwenda kwenye geji. Magari yetu mengi yametufikia yakiwa yameshatumika miaka Japani. Kipande kile kinalika kwa kusuguliwa, geji inaanza kurukaruka. Boya likitoboka linazama, mshale unalala E hata ukitoka kujaza. Na wale wanaolalamika kwamba nusu ya kwanza ya tenki inakaa sana halafu ya pili inakimbia, mara nyingi hawajaibiwa mafuta: tenki likijaa boya huwa limegota juu, mshale hausogei mpaka mafuta yashuke kwanza.

Sasa niwaeleze kwa nini mimi nahesabu lita. Wakati huo Daraja la JPM, lile la kama kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado nguzo tu majini, na kutoka Busisi kwenda Kigongo tulikuwa tunavuka kwa pantoni. Nilimchukua baba yangu kutoka Sengerema, tumbo linamuuma vibaya, amepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza mjini. Taa iliwaka kabla hatujafika Busisi. Sikuwa nimewahi kupima kitu, nilikisia tu kwamba Usagara, ng'ambo ya maji, si mbali, nitajaza huko. Kwa kilomita sikukosea.

Foleni ya pantoni ikatuweka karibu saa mbili. Joto lilikuwa kali, baba analowa jasho, nikaacha injini inaunguruma ili apate kiyoyozi. Injini ndogo ikiunguruma imesimama hula kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na kiyoyozi kinaongeza. Mita ya safari ilisogea mita chache tu, zile za kujongea kwenye foleni, huku tenki linakauka.

Zamu yetu ikafika. Nikaanza kuteremka kuingia kwenye pantoni, pua ya gari imeinama. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikakanyaga breki: mara ya kwanza ikashika, ya pili pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nikavuta hendibreki kwa nguvu zangu zote, mbele yangu kuna watu wanatembea kwa miguu, kina mama wana watoto mgongoni. Kijana mmoja wa pantoni akaja dirishani, akamwangalia baba kwanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Ndipo akanigeukia: "Kaka, weka nyutro, mguu usitoke kwenye breki, sisi tunasukuma taratibu."

Wakatusukuma watu wanne mpaka ndani, penye tambarare. Tukiwa katikati ya maji nikafungua swichi, nikasikia pampu ikilia sekunde mbili chini ya kiti cha nyuma. Nikazima, nikafungua tena, nikapiga stata. Gari likawaka! Mafuta yalikuwemo. Kwenye mteremko yalikimbilia upande mmoja wa tenki, pampu ikabaki inanyonya hewa. Upande wa Kigongo tulipoanza kupanda likazima tena, safari hii moja kwa moja. Mwenye bodaboda akaenda kutuletea lita 5 kwenye kidumu. Tulimsubiri dakika 40 kando ya barabara. Baba hakusema neno la kunilaumu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mkono tumboni, anahesabu pumzi. Bugando tulifika saa tatu usiku, wakampokea, akatibiwa, akapona.

Kwa hiyo mtu wa Mwanza akiniuliza kilomita ngapi, namuuliza anapita wapi. Kutoka Usagara kuja Buhongwa ni jambo moja. Mabatini jioni, daladala zimebanana, au kupanda Isamilo, ni jambo lingine kabisa. Hata yale magari ya kisasa yanayoandika kilomita zilizobaki yanahesabu kwa ulaji wa mafuta wa muda uliopita. Umetoka Magu mwendo mmoja, ukiingia foleni ya Igoma ile namba inaporomoka mbele ya macho yako.

Kuna dawa moja ya mtaani inaniogopesha sana: kuteremka kwa nyutro, au kuzima injini kabisa mlimani, eti kuokoa mafuta. Gari la nozeli za umeme likiteremka lina gia na mguu umetoka kwenye mafuta, nozeli zinafunga, halili kitu. Ukiweka nyutro ndipo linakula, maana lazima injini iendelee kuunguruma. Na ukizima, busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Mimi nimeionja ile pedali, na sitaki mtu aionje akitelemka kilima cha Bugando.

Mafundi wengi watakuambia mafuta yakiisha pampu inanyonya uchafu wa chini. Mimi naona pampu inanyonya chini siku zote, hata tenki likiwa limejaa. Kinachoiua zaidi ni joto, kwa sababu inapozwa na petroli yenyewe inayopita ndani yake na kuizunguka. Kila mara ikinyonya hewa inajiunguza. Wa dizeli wana taabu yao: hewa ikiingia kwenye mipira ya mafuta, kumimina kidumu hakutoshi, lazima fundi aitoe hewa kwanza.

Najua kwa nini tunaendesha na taa imewaka. Bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, zinatangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mtu akisikia zitashuka anavuta siku mbili tatu. Nami nimewahi kuzivuta. Lakini lita utakazonunua ni zilezile, na pampu ikifa hela uliyoiokoa hainunui hata waya wake. Kwangu sasa taa ikiwaka naingia sheli ya kwanza ninayoikuta. Kwenye dashibodi nimebandika plasta nyeupe yenye maandishi ya kalamu: 7 toa 2.

Baba bado anakuja kliniki kila baada ya miezi michache. Tukianza kupanda daraja pale Busisi, naona jicho lake linapita kwanza kwenye dashibodi, halafu ndipo linakwenda ziwani.